Nakshi za Kanuni

Kosa la msemaji huchukuliwa na upepo, lakini kosa la mwalimu huandikwa, hupigwa muhuri, likawekwa kabatini. Nimefundisha Kiswahili katika chuo kikuu kwa miaka kumi na saba, na makosa yangu yaliyomo kabatini, nadhani, ni mengi kuliko niyajuayo. Moja nalijua. Nililiandika mwaka 2016 kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri, wala moyo wangu haukuwa na shaka hata chembe. Nataka kulieleza hapa kwa kuwa jambo lililonikosesha ni sanaa ambayo sisi wasomi wa lugha hatujaizoea, nayo ina udugu na sanaa yetu kuliko tudhanivyo.

Wakati huo shahada yangu ya uzamivu ilikuwa mbichi bado. Niliipata kwa kazi juu ya arudhi ya mashairi ya zamani, na mtu aliyetoka karibuni katika mizani na vina hujiona hakimu wa kila kitu kilichopangwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akisoma Kiswahili pamoja na sayansi ya kompyuta, alileta kazi yake ya mwisho niisahihishe. Ilikuwa diwani ndogo ya mashairi ishirini, yote ya ubeti mmoja mmoja, na kila shairi lilikabiliana na picha. Picha zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe tu. Nyingine zilijaa pembetatu zilizopandana kama matanga ya mashua bandarini. Nyingine zilitawanyika kama mchanga uliopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Katika utangulizi mwandishi alisema bila ya kificho kwamba hakuzichora kwa mkono. Alitunga kanuni, akaiandika katika programu, kompyuta ikachora.

Mashairi niliyapa haki yake. Mawili matatu yalikuwa mazuri kweli, mengi yalikuwa ya kadiri, na machache yalikuwa mabaya, maana vina vilimburura mtungaji kama mbuzi apelekwaye mnadani. Picha sikuzipa hata alama moja. Kando ya picha ya kwanza niliandika: "Hii ni kazi ya mashine, si yako." Na kando ya picha iliyokabili shairi la kumi na nne, lililokuwa maombolezo ya baba yake, niliandika maneno ambayo nikiyakumbuka leo masikio yangu hupata moto: "Nusu ya ukurasa ni tupu. Picha haikukamilika. Uzembe." Ni kweli kwamba picha ile ilianza juu kwa vitone vingi, ikashuka safu baada ya safu, kisha ghafula ikakoma, na chini yake pakabaki weupe mtupu hata mwisho wa karatasi.

Kwa alama nilizomnyima alikosa daraja la kwanza kwa upungufu wa alama mbili, na pamoja na daraja hilo alikosa nafasi ya kubakizwa chuoni kuwa mwalimu msaidizi. Hakukata rufaa. Alikuja ofisini, akanishukuru kwa masahihisho ya vina, akaaga. Mimi nilidhani ukimya wake ni kukiri.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga madarasa, nilikwenda kukaa na mama yangu kisiwani Pemba, nikawa najizoeza kufundisha mbele ya kompyuta. Kamera yangu ilikuwa ndogo, ya kufungwa kwa waya. Siku moja ilianguka, ikaelekea skrini ileile iliyokuwa ikionyesha kile kamera ilichokiona. Papo hapo ukatokea ujia mrefu: skrini ndani ya skrini, na ndani yake skrini nyingine, ndogo na ndogo zaidi hata jicho likashindwa. Mtu aliyepata kukaa katika kiti cha kinyozi baina ya vioo viwili anaujua ujia huo. Lakini huu ulionyesha jambo ambalo vioo havionyeshi, nalo ni kuchelewa. Nilipopunga mkono, mkono wa skrini ya kwanza ulipunga, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama amri ipitishwayo katika safu ya askari. Niliipinda kamera kidogo, na ujia ukajisokota kama gamba la konokono. Nilipoisogeza karibu mpaka kingo za skrini zikapotea, ujia ulitoweka, pakabaki mawimbi ya rangi yakizunguka, yakigawanyika na kuungana tena. Nikiongeza mwanga, yote yaligeuka weupe. Nikiupunguza, yote yalizama gizani. Baina ya weupe na giza palikuwa na mahali pembamba ambapo picha iliishi.

Sababu yake haina uchawi. Kila picha huzaliwa na picha iliyotangulia: kamera huichukua, huikuza au huidogesha, huizungusha, huibadili mwanga, huirudisha kwenye skrini, kisha huichukua tena. Badiliko dogo likirudiwa mara nyingi kwa sekunde moja huwa badiliko kubwa. Watu wa televisheni ya BBC huko London walilitumia jambo hili mwaka 1963 kutengeneza picha za ufunguzi wa mchezo wao wa Doctor Who, na mwaka 1984 mwanafizikia wa Marekani, James Crutchfield, alichapisha uchunguzi mzima juu ya tabia za picha ijilishayo namna hii. Mimi siku ile sikujua hayo. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada tatu, nimepiga magoti sakafuni, nachezea waya.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akisuka ukili. Aliinua uso, akatazama skrini muda mrefu, akauliza, "Mchoro huo kauchora nani?"

Nikamjibu, "Hakuna aliyeuchora, mama. Unajichora wenyewe."

Akaitazama mikono yangu, akasema, "Unajichora! Basi wewe hapo unageuza nini?"

Akarudi katika ukili wake. Mimi sikurudi katika somo langu. Usiku ule yalinijia maneno yangu mwenyewe, kwa rangi yake nyekundu: kazi ya mashine, si yako.

Niliporejea mjini nilianza kusoma, jambo ambalo lingalifaa kuutangulia wino. Nikakuta kwamba hukumu yangu ilikuwa na wazee wake. Mwezi wa Februari 1965, katika mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, Georg Nees, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa mfanyakazi wa Siemens, alionyesha michoro iliyotokana na kompyuta. Maonyesho yaliandaliwa na Max Bense, profesa wa falsafa. Wasanii waliohudhuria walikasirika, na Bense, katika kutaka kuwatuliza, aliwaambia kwamba hii ilikuwa sanaa ya bandia, si kama ile yao. Sijui neno lipi lingalituliza watu waliokuwa wakihisi kwamba mlango wao umevunjwa. Ninachojua ni kwamba niliposoma habari ile nilijiona nimeketi miongoni mwa waliokasirika.

Kazi moja ya Nees, ya miaka ya mwisho ya 1960, jina lake kwa Kijerumani maana yake ni kokoto. Ina miraba 264, 12 kwa upana na 22 kwa urefu. Juu imenyooka kama askari wa gwaride. Kadiri unavyoshuka kila mraba huinama kidogo na kuhama kidogo, kwa bahati nasibu ambayo kipimo chake huongezeka, mpaka chini yote imekuwa rundo la mawe yaliyomwagwa na gari. Niliitazama kwa muda mrefu nikitafuta safu ambapo utaratibu unaisha. Haipo. Kila safu imeharibika kidogo tu kuliko iliyo juu yake, kama vile nyumba ya mtu mzee inavyoharibika.

Nikasoma pia habari za A. Michael Noll, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani. Alichapisha mwaka 1966 jaribio alilowafanyia watu 100: aliwaonyesha nakala ya mchoro wa Piet Mondrian wa mwaka 1917 na mchoro mwingine uliotolewa na kompyuta kwa kuufuata mtindo wake. Watu 59 walipenda zaidi ule wa kompyuta, na 28 tu ndio waliotambua upi ulikuwa wa kompyuta. Sijengi hoja kubwa juu ya hesabu hiyo, kwani kupendwa na wengi si cheti cha sanaa, na watungaji wetu wabaya wamependwa sana. Lakini ilinipasa kujiuliza kama ningalizipa zile picha ishirini alama sifuri laiti mwandishi angalinyamaza katika utangulizi wake. Jawabu nalijua. Nilimwadhibu kwa kusema kweli.

Aliyenigusa kuliko wote ni Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest mwaka 1924, aliyefanya kazi Paris hata akafa mwaka 2023. Kompyuta aliipata mwaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa na mashine aliyoiita ya kuwaziwa: alijiwekea kanuni, kisha akaifuata kwa mkono wake, hatua kwa hatua, bila ya kujipa ruhusa ya kuiasi, aone kanuni itamfikisha wapi. Basi mashine ilikuwapo kabla ya mashine. Na mtungaji wetu ajifungaye kwa mizani 16, kina cha kati na kina cha mwisho, amejiwekea nini? Mara ngapi kina kimemfikisha mtunzi mahali ambapo fikira zake peke yake zisingalifika, naye akashangaa kama msomaji? Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya kifungo hicho, wala sikukitambua kilipovaa nguo ya kigeni.

Ndipo nilipokwenda kabatini. Nakala ilikuwapo, vumbi juu yake, wino wangu haujapauka. Utangulizi ambao zamani niliupitia mbiombio ulikuwa umeeleza kila kitu. Kila mzani wenye irabu a ni kitone cheusi, na mzani wenye irabu nyingine ni kitone cheupe. Ubeti una mishororo minne, mshororo mizani 16. Basi safu ya kwanza ya picha ina vitone 64. Ncha mbili za safu zimeungana, hata kitone cha mwisho ni jirani wa kitone cha kwanza, kama ukili ulioshonwa ukawa duara. Kila safu ifuatayo huitazama safu iliyo juu yake: kila kitone hutazama vitone vitatu, kilicho juu yake na majirani wawili wa hicho. Vitone hivyo vitatu, kila kimoja kikiwa cheusi au cheupe, vina namna 8 za kukaa. Kwa kila namna mtungaji huamua jibu, nyeusi au nyeupe, na kwa hiyo kanuni ziwezekanazo ni 256, hazizidi. Stephen Wolfram wa Uingereza alizipa namba na kuzieleza mwaka 1983. Kanuni ya 30, ikianza na kitone kimoja, hutoa fujo ambayo jicho haliwezi kuitabiri. Kanuni ya 90 hutoa pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu.

Kwa maombolezo ya baba yake kijana alichagua hiyo ya 90, nayo ni nyepesi kusema. Kitone kitakuwa cheusi ikiwa mmoja tu wa majirani wawili wa juu ni mweusi. Wakiwa weusi wote wawili, au weupe wote wawili, kitakuwa cheupe.

Kompyuta siijui zaidi ya kuandikia. Nilichukua daftari la miraba la watoto wa shule na penseli, nikaanza na mizani minane, yaani kipande kimoja tu cha mshororo, na kitone kimoja cheusi. Safu ya pili ilipata viwili. Ya tatu viwili, vimeachana zaidi. Ya nne vinne, cheusi na cheupe kwa zamu. Ya tano haikupata kitu. Nilidhani nimekosea, nikaanza upya kwa vitone vitatu nilivyovitia ovyo; safu ya tano tupu. Kwa vitone vitano, tupu. Nikajaribu mizani 16: picha haikuifikia safu ya tisa. Mizani 32: haikuifikia ya 17. Usiku wa pili niligundisha karatasi kwa gundi, nikaandika safu ya vitone 64 kutoka katika ubeti wa maombolezo, mzani kwa mzani, nikaifuata kanuni mpaka mgongo ukaniuma. Safu ya 33 ilikuwa nyeupe, kama katika picha yake.

Sababu hata mtu wa lugha aweza kuifuata. Katika kanuni hii vyeusi viwili vikikutana hufutana. Baada ya hatua 32 kila kitone cheusi cha safu ya kwanza huwa kimebakiwa na watoto wawili tu, mmoja aliyekwenda nafasi 32 kulia na mmoja aliyekwenda nafasi 32 kushoto. Katika duara la nafasi 64, kulia 32 na kushoto 32 ni mahali pamoja. Hukutana hapo, hufutana. Wingi wa vitone haubadili neno, kwa kuwa yampatayo mmoja huwapata wote. Nilipojaribu mizani saba badala ya minane, picha haikufa. Ilizunguka tu, ikajirudia.

Kwa hiyo weupe ule niliouita uzembe ulikuwa hesabu. Ubeti wowote uliotimia, mishororo minne ya mizani 16, ukitiwa katika kanuni ile lazima unyamaze kabla ya safu ya 33, uwe wa mapenzi au wa vita. Angalipunguza mzani mmoja, mchoro usingalikoma. Mizani kutimia ndiko kulikoleta ukimya, na ukimya huo aliuweka mbele ya shairi la baba yake. Msomaji mmoja katika chuo kizima alikuwa na elimu ya mizani ya kutosha kuuliza kwa nini, naye aliandika "uzembe".

Mama yangu asingalihitaji karatasi. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi alijaribu kunifundisha kusuka, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nikitazama nakshi. Yeye hatazami nakshi. Huhesabu chane, juu mbili chini mbili, na chane za rangi alizozipanga mwanzo huzaa nakshi zenyewe kadiri ukili unavyorefuka, kila safu ikifuata iliyotangulia. "Chane moja ukiiruka, mwanangu, itakufuata," alikuwa akiniambia. Na kweli ilinifuata: kosa dogo la mwanzo lilikwenda mshazari kando ya ukili, pima baada ya pima, wala haikuwezekana kulifuta ila kwa kufumua mpaka mahali pa kosa. Sithubutu kusema kwamba ukili na kanuni ya 90 ni kitu kimoja. Ukindu una unyevu, vidole vina uchovu, rangi ya mwaka huu si ya mwaka jana, na mama akichoka husimama. Lakini swali la nani aliyechora, ukimwuliza mbele ya mkeka, atakucheka.

Nisieleweke kwamba kila kitokacho katika kanuni ni sanaa. Nyingi za zile kanuni 256 ni za kuchosha, na nimeona siku hizi picha za namna hii zilizopambwa kwa rangi kama keki ya harusi, hazina lolote. Wala siichanganyi sanaa hii na programu zilizoenea tangu mwaka 2022, ambazo mtu huziandikia sentensi nazo zikampa picha. Hizo zimelishwa mamilioni ya picha za watu wengine, na mwenye kuandika sentensi hawezi kukuonyesha njia ambayo picha yake ilipita. Kanuni ya kijana yule ilikuwa ya sentensi mbili. Niliifuata kwa penseli, nikafika alipofika.

Nilimwandikia barua ndefu. Nilieleza habari za kamera, za Stuttgart, za daftari la miraba, nikamwomba radhi bila ya kutia "lakini". Nilikwisha kuuliza pia kama alama zaweza kurekebishwa, nikaambiwa kwamba matokeo yaliyoidhinishwa hayafunguliwi baada ya muda ule, nalo nikamwandikia pia.

Alijibu baada ya wiki tatu, kwa adabu zilezile alizoondoka nazo. Baada ya shikamoo alinieleza kwamba alitengeneza picha mia kadhaa na kuzitupa, akabakiza zile ishirini. Picha ya baba yake hakuipanga iishe. Ilipozimika mara ya kwanza alidhani programu ina hitilafu, akaikagua siku nzima. Alipoielewa sababu alijaribu kuondoa mzani mmoja katika mshororo wa mwisho, na mchoro ukaendelea kushuka bila ya kikomo. Akautazama, akaurudisha mzani wake. Kisha akaniuliza, kama mwanafunzi amwulizavyo mwalimu, kama katika mshororo wa tatu wa shairi lile kina cha kati hakikuwa cha kulazimishwa, maana kilimsumbua tangu siku ile.

Kilikuwa cha kulazimishwa. Nilimwambia hivyo, nikampendekezea neno jingine. Akanijibu siku ileile kwamba neno ni zuri ila lina irabu a mahali ambapo lile la zamani halina, kwa hiyo safu ya kwanza itabadilika na picha yote pamoja nayo, isipokuwa mwisho wake. Tukalijadili kwa barua nne. Hatimaye aliliacha neno lake baya mahali pake.

Wino wangu mwekundu sikuweza kuufuta, wala sikuwa na haki ya kuichana nakala ya chuo. Niliandika karatasi ndogo, nikaeleza kanuni na hesabu ya 64, nikatia sahihi na tarehe, nikaigundisha chini ya picha, katika ule weupe. Kisha nikaona kwamba nimeanza kuujaza weupe wenyewe, nikaibandua, nikaibandika nyuma ya ukurasa.